Hotuba ya Baba Mkwe

Jumapili, 1 Septemba 1974

Mabua ya pamba tumemaliza kung'oa na kuchoma, na viganja vyangu vimekuwa magome ya mti. Nilikuwa nimeapa mwaka huu siandiki shajara, kazi zinanitosha. Lakini leo kuna neno kubwa, na katika mji huu wa wakwe zangu mimi nina mdomo mwepesi na watu wachache wa kuwafungulia.

Baada ya sala balozi wetu wa nyumba kumi, Cornel, alitutangazia kwamba Operesheni Vijiji imefika kwetu. Ilalwe yetu yote itahamishiwa Lwenge kabla mvua hazijakolea, tukae pamoja na watu wa sehemu nyingine, nyumba kwa mistari. Lwenge! Mbuga tupu ya udongo mweusi. Kiangazi inapasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama, masika ni tope hadi magotini, na kisima hakuna hata kimoja. Wanawake wakaanza kuguna. Cornel akainua mkono: wakubwa wa wilaya watapita mwezi wa kumi kusikiliza watu, na kila mahali patatoa msemaji mmoja tu. Wakituelewa, huenda wakatuandikisha hapa hapa kwenye kisima chetu. Wasipotuelewa, yanakuja malori.

Watu wakapiga kelele jina moja, la baba mkwe wangu.

Anaitwa Bujiku. Kulitamka jina hilo sikuruhusiwa tangu siku nilipoolewa. Kuliandika hakuna aliyenikataza. Kwetu Ushirombo mkamwana humheshimu baba mkwe, lakini Wasukuma wa mji huu wamezidisha: sisemi naye, sipiti mbele yake, sili naye, akiingia yeye mimi natokea nyuma. Kati ya nyumba yake na yetu kuna ua wa minyaa. Mwaka wa tano huu, ninachokijua kwake ni sauti na mgongo.

Alhamisi, 5 Septemba

Ameanza mazoezi. Jioni Cornel na wazee wawili walikaa naye uani, na mimi nikawa ng'ambo ya minyaa nasonga ugali, masikio yote huko.

Mungu wangu. Ujana wake Baba mkwe alikuwa manju wa chama cha ngoma cha Wagika, mtunzi na mwimbishaji. Mpaka leo akisimulia jambo kwa Kisukuma, hata ng'ombe wanaacha kucheua. Sasa hii ya Kiswahili! "Ndugu Mwenyekiti, ndugu Katibu, ndugu wataalamu mliofuatana na ndugu Mwenyekiti na ndugu Katibu, wazee kwa vijana, akina baba kwa akina mama, wakulima na wafugaji, awali ya yote..." Ugali ukaiva. Nikaupakua. Salamu bado. Halafu ikaja historia ya nchi, halafu maadui ujinga, maradhi na umaskini, halafu shukrani. Kisima chetu kilitajwa mwishoni, kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi.

Cornel akapiga paja. "Nzito! Hotuba nzito, mzee!"

Nzito kweli. Nani ataibeba?

Jumapili, 8 Septemba

Nimemtuma mume wangu, Maige. Nikamwambia, "Baba Anisia, nenda kamwambie Baba ile hotuba akate nusu. Salamu zote zile atupe. Aanze na kisima."

Maige ni mtu mwema, na wema wake ndio unaonimaliza. Alikwenda, nikamsikia kwa masikio yangu: "Baba, Mama Anisia anasema hotuba imempendeza sana. Anasema labda kisima nacho kingefaa kutajwa."

"Kimetajwa," Baba mkwe akasema.

"Ndiyo, Baba. Ndivyo na mimi nilivyomwambia."

Akarudi ananiangalia kama mtu aliyefanya kazi kubwa. Nilimpa chakula, maneno nikamnyima.

Alhamisi, 12 Septemba

Upepo na vumbi. Hotuba imerefuka, imeongezwa ng'ombe waliozama Lwenge mwaka wa mvua kubwa. Cornel amemletea neno jipya, "mustakabali".

Jumapili, 15 Septemba

Nimemwendea mama mkwe, Mayu Limi. Naye tunaheshimiana lakini tunaongea. Alikuwa anakata viazi vya michembe, ameshaanika nusu ya paa. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka kisu kikamtoka.

"Mkamwana, mimi nimezaa naye saba. Unadhani nimefika hapa kwa kumkosoa?"

"Sasa tuhamie Lwenge kwa sababu ya heshima?"

Hapo aliacha kucheka. Kisimani pale anateka maji tangu alipoletwa hapa bibi harusi. Akaokota kisu, akaendelea kukata viazi.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimefanya jambo. Nilipolifanya lilikuwa tamu.

Leo wanawake watatu wa jirani walikuja tusage mtama pamoja. Hapa kwa desturi neno la kwenye jiwe la kusagia halina kesi. Mwanamke akiimba huku anasaga, ameimba, basi. Nikajua Baba mkwe yuko uani kwake anasokota kamba. Nikaanza:

Redio ya ng'ambo ya minyaa,
betri zake haziishi,
salamu asubuhi, salamu jioni,
habari yenyewe lini?

Wenzangu wakaudaka wakacheka huku wanasaga, unga ukaruka. Jioni nikausikia kisimani. Baadaye nikawasikia wachunga ng'ombe wanauimba njiani. Nimetunga wimbo unaotembea, mimi, Febronia wa Ushirombo!

Jumatatu, 23 Septemba

Baba mkwe amekataa kusema.

Hakugomba na mtu. Alimwita Cornel, akamwambia mbele ya wazee, "Tafuteni mtu mwingine. Mimi nimegeuka redio." Akaingia ndani. Tangu jana jioni hajala. Cornel sasa anazunguka Ilalwe nzima akisema asiyekuwepo na lake halipo, basi yeye yuko tayari, neno "mustakabali" analo. Tumekwisha. Cornel akisimama mbele ya wakubwa, atawashukuru kwa kutuhamisha.

Maige ameniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia: "Leo umenitia aibu." Akachukua jembe akaenda shambani, na shambani mwezi huu hakuna kazi.

Nilikaa jikoni nikalia kwa hasira. Hasira kwa mzee kususa kama mtoto, hasira kwa mdomo wangu. Nilikuwa nasema kweli! Hotuba ni mbaya! Sasa kwa nini ukweli wangu umeharibu kila kitu?

Mayu Limi akaja akakaa kizingitini. Nilitegemea matusi. Akasema, "Mama Anisia, nikikuambia uji wako mbaya, utafanya nini?"

"Nitakasirika."

"Nikikuambia umeshika chini, umeungua?"

Nikakitupia jicho chungu.

"Utapunguza moto," akasema. "Wewe umemwambia mwenzio anachosha, tena umemwambia kwa vinywa vya watu wote. Hukumwambia ni wapi. Amejua tu kwamba anachekwa. Mtu anayechekwa atarekebisha nini?"

"Nitamwambiaje, Mayu, nami siruhusiwi kusema naye?"

"Kwani kuimba uliruhusiwa na nani?" Akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akaondoka zake.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimeongea na mbuzi.

Nilisubiri Baba mkwe akae na mbwa wake uani, nikamfunga mbuzi wangu jike karibu kabisa na minyaa. Mbwa yule anaitwa Watasema. Nikasema kwa sauti ya kusikika:

"Wewe mbuzi, nisikilize. Ule wimbo niliutunga mimi na nimeona haya. Mtu aliyenilisha miaka yote hii nimemfanya kichekesho cha wachunga ng'ombe. Nisamehe, mbuzi."

Nikaendelea, maana nilishaanza.

"Lakini ile hotuba, kuna mahali nililia. Ni pale penye habari za mwaka wa mvua kubwa, ng'ombe walipozama Lwenge, na yule mmoja aliyelia siku nzima watu wakashindwa kumfikia. Mwiko ulinisimama mkononi. Kabla ya pale sikusikia kitu. Na palipokuja kisima nilikuwa nimeshachoka."

Nikafikiri ameingia ndani. Halafu nikasikia, "Watasema, muulize huyo mbuzi: kabla ya pale kuna nini?"

Mungu anisamehe, nilitaka kucheka na kulia pamoja. "Mbuzi, mwambie kuna salamu."

"Watasema, salamu ni heshima."

"Mbuzi, mtu amekaa juani tangu asubuhi, amesikia salamu za vijiji vyote. Heshima kwake ni kumwachia maneno machache."

"Mbuzi huyu ana mdomo," mzee akamwambia mbwa. Lakini hakuondoka. Baadaye akasema, taratibu, sikujua kama anamwambia mbwa au anajisemea: "Kwenye ngoma nilikuwa najua. Wagika huku, Wagalu kule, uwanja mmoja. Wimbo wako ukilegea, watu hawakutukani, wanahamia kwa mwenzako. Unaona miguu inaondoka, unakaza. Huku kwenye Kiswahili watu wamekaa tu wanapiga makofi. Mtu atajuaje?"

Nimerudi ndani na neno hilo moja. Siku zote hizi nilidhani anajipenda. Kumbe mzee alikuwa gizani, na sisi wote tuliokuwa na taa tulikuwa tunampigia makofi.

Jumapili, 29 Septemba

Baba mkwe amekubali kusema. Cornel amenuna. Joto kali.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mpango ulikuwa wangu, mbuzi akaupeleka, mbwa akaupokea. Leo tumeujaribu.

Watu wa jirani waliitwa jioni uani kwa Baba mkwe. Upande mmoja kaketi yeye kwenye kigoda. Upande wa pili, kwenye zizi, Mayu Limi kaweka chungu cha michembe iliyopikwa kwa karanga. Maige akatangaza sharti: hakuna kupiga makofi, hakuna kusema nzito. Yeyote ambaye sikio lake litachoka, ainuke aende kwenye chungu. Bila kinyongo, kama ngomani. Mimi niko ng'ambo ya minyaa, nachungulia.

Mzee akaanza. Kwenye "wazee kwa vijana" mbwa akaondoka. Watu wakajizuia wasicheke. Kwenye historia ya nchi wakaondoka wanawake wawili, mmoja baada ya mwingine, wanaangalia chini. Kwenye maadui watatu wakaondoka sita. Jirani yetu Makoye, ambaye kila siku huitikia "naam, naam", alikwenda akajaza bakuli. Hata Cornel! Aliinuka nusu, akakaa, akainuka tena, akaenda akala huku amempa mzee mgongo. Kisima kilipotajwa alikuwa amebaki Maige peke yake, na Maige hata nyumba ikiungua hatamkimbia baba yake.

Mzee akaweka mikono magotini. Akaangalia uwanja mtupu, akaangalia chungu, akaangalia watu wote wanatafuna. Nikasema nimemwua.

Akaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka! "Nimewalisha wenyewe," akasema kwa Kisukuma, "halafu wananikimbia." Watu wakaangua kicheko, Mayu akampelekea bakuli lake. Nimecheka ng'ambo yangu mpaka nimeshika ubavu.

Jumanne, 8 Oktoba

Mara ya pili. Salamu zimebaki moja. Watu wamefika kwenye ng'ombe wa Lwenge na hakuna aliyeinuka. Baada ya ng'ombe, wakaanza kutoka.

Ijumaa, 11 Oktoba

"Mustakabali" umekwenda na maji. Wanabaki mpaka kisima.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mawingu yalikuja mchana, yakaondoka. Makoye ametoka safari anasema upande wa magharibi ameona watu juu ya lori pamoja na milango yao, vinu vyao na kuku wao. Paa zimeachwa bila nyasi. Hakuna aliyekula vizuri leo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kuna jambo linanisumbua kwenye hotuba, nami nimeliona leo tu, kwa sababu ya yale malori. Sasa hivi ni nzuri. Inakamata. Lakini mwanzo hadi mwisho inasema hatutaki. Hatutaki Lwenge, Lwenge kuna tope, Lwenge hakuna maji. Mkubwa akisikia hayo atasema, hawa ni wakaidi, walete lori.

Nikamwambia mbuzi. Safari hii nilipanga maneno kwanza kama mtu anayepanga kuni. "Mbuzi, sasa hivi nasikia vizuri tunachokikataa. Tutakachokifanya sijakisikia. Serikali inataka watu wakae pamoja kwa mistari. Sisi tumetawanyika. Mkubwa akiuliza, je, mtajipanga? Hotuba inamjibu nini?"

Ng'ambo kimya.

"Watasema," mzee akasema mwishowe, na sauti haikuwa ya utani, "mwambie mbuzi kwamba mistari ikipigwa hapa, itapita kwenye mji huu. Zizini humu amezikwa baba yangu."

Nilikuwa nimelisahau hilo, mimi mgeni. Nikafungua mbuzi, nikamrudisha bandani.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mawingu yamekuja, yameondoka. Siku hizi mzee hafanyi mazoezi. Anakaa zizini. Wageni walitegemewa juzi, hawakuja.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimeshika kalamu. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Wamekuja asubuhi kwa Landrova mbili. Kiongozi wao ni mtu mnene, mpole wa uso, anajipangusa jasho kwa leso kila mara, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Walikuwa wametoka vijiji vingine na bado walikuwa na vingine mbele. Wanaume wakakaa upande wa kulia, wanawake tukakaa kushoto, mimi nikajificha nyuma ya Mayu Limi ili nisionane na Baba mkwe. Mitungi yetu ya maji ilikuwa kivulini ng'ambo ya uwanja. Tuliwapa wageni maji, wakanywa. Cornel akafungua mkutano, akashukuru sana, akakaa baada ya kuvutwa shati na Makoye.

Baba mkwe akasimama. Kavaa kanzu yake ya Krismasi. Akawaangalia wakubwa, akaangalia magari, akaangalia bunduki ya askari mmoja.

"Ndugu Mwenyekiti," akaanza. "Ndugu Katibu. Ndugu wataalamu mliofuatana na ndugu Mwenyekiti na ndugu Katibu. Wazee kwa vijana, akina baba kwa akina mama..."

Yesu na Maria! Yote yalirudi! Hofu imemshika, ameikimbilia ile ya zamani. Akaendelea, wakulima na wafugaji, awali ya yote, na mkubwa mmoja akafumba macho kabisa. Yule kiongozi akaangalia saa. Nikaona Lwenge kwa macho yangu. Nikamwona Anisia wangu kwenye tope.

Sijui niliwaza nini. Nadhani sikuwaza. Niliinuka. Mkamwana, mbele ya baba mkwe, mbele ya serikali, nikajifunika kanga mpaka kichwani, nikaukata uwanja mzima kwenda kwenye mitungi.

Nyuma yangu nikasikia askari anasema, "Mama, kaa chini!" Nikaendelea. Halafu nikasikia nguo zinachakarika, nikageuka kidogo: Mayu Limi ameinuka. Anakuja, anachechemea, amenyanyua kidevu. Na nyuma yake wale wa jiwe la kusagia. Na nyuma yao wengine, upande wote wa kushoto unahama.

Kiongozi akashusha leso. "Mzee, kuna nini? Mbona akina mama wanaondoka? Ni mgomo?"

Baba mkwe alikuwa ameachama. Akatuangalia sisi kwenye mitungi, kundi zima. Na mimi nilimwona uso wake kwa mara ya kwanza ukinielekea. Ni uso mwembamba, una kovu juu ya jicho. Ukabadilika polepole, kama mtu aliyepotea porini akaona moshi wa kwao.

"Si mgomo, mkubwa," akasema. "Wananisahihisha. Huku kwetu wimbo ukilegea, watu wanahama."

Halafu yule mnene akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka wiki nzima, mpaka na aliyefumba macho akafumbua. "Basi kaza wimbo, mzee."

Na mzee akakaza. Naandika nilivyosikia:

"Maji mliyokunywa yametoka kisima kile. Huu ni mwezi wa kumi, na bado kina maji. Mkitaka kunywa maji Lwenge leo, itabidi yatoke hapa hapa, kwenye vichwa vya wake zetu. Mwaka wa mvua kubwa niliingiza ng'ombe Lwenge. Mmoja alizama akalia tangu asubuhi mpaka jua lilipozama, nami nimesimama namwona, sina pa kukanyaga. Mimi ni mfugaji. Ng'ombe yule namsikia mpaka leo.

"Serikali inataka watu wakae pamoja. Sawa. Tutakaa pamoja. Leteni mistari yenu, tutajenga kwenye mistari, lakini hapa, kwenye maji. Nyumba ya kwanza kubomolewa itakuwa yangu. Zizini mwangu amelala baba yangu. Pigeni kigingi cha kwanza hapo. Nimemaliza."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Nikaangalia uwanja, hakuna mguu uliosogea, hata wa askari.

Kiongozi aliuliza maswali mawili matatu, mtaalamu mmoja akaenda kuchungulia kisima. Alipopanda gari alisema, "Nimesikia. Siahidi kitu. Mtapata jibu." Basi.

Maige amerudi nyumbani akanishika mkono mbele ya watu, jambo asilolifanya kamwe.

Jumapili, 27 Oktoba

Hakuna jibu.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua! Imenyesha tangu alfajiri, harufu ya udongo imejaa nyumba nzima. Kila mtu anaogopa kupanda. Ukipanda halafu lori likaja? Mayu Limi amechukua karanga zake akaenda kwenye luseni, udongo wa mchanga ulio nyuma ya kisima, akaanza. "Mbegu haisubiri lori," akasema. Nimemfuata. Tumepanda kimya, tumeloa chepechepe.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Hakuna jibu. Lori limesikika mbali, watu wakatoka nje wote. Lilikuwa la pamba.

Alhamisi, 14 Novemba

TUNABAKI!

Nilikuwa napalilia, nikamwona Cornel anakimbia, kiatu kimoja mkononi, anapiga kelele za Kisukuma na Kiswahili pamoja. Wapimaji wamekuja na vigingi. Vigingi! Hapa, Ilalwe! Mtu anayehamishwa hapimiwi. Nikatupa jembe nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika, wanawake wakadakia shamba kwa shamba hadi kisimani. Kifua changu kimekuwa chepesi, sijui nilikuwa nimebeba nini miezi yote hii. Maige amelia waziwazi. Cornel anasema ni mustakabali, leo nimemsamehe.

Kigingi cha kwanza kimepigwa katikati ya zizi la Baba mkwe, kama alivyosema. Alisimama pale kavua kofia. Mpimaji alipoinua nyundo alisita, mzee akamwambia, "Piga." Wazee walichinja mbuzi mweusi, wakamwaga pombe ya mtama pale pale. Furaha yangu ilipungua kidogo nilipoona anavyoshika lile lango la zizi.

Jumamosi, 30 Novemba

Tunabomoa, tunajenga. Tope, miti, nyasi, mgongo. Minyaa yote imekatwa.

Jumatano, 4 Desemba

Kuna janga ambalo hakuna mpimaji aliyelifikiria. Mistari imeweka nyumba yangu na ya Baba mkwe uso kwa uso, mlango kwa mlango, barabara tu katikati. Nyuma yangu ni ukuta wa Makoye. Nitapita wapi? Juzi nilitokea dirishani, kanga ikashika, Makoye akacheka mpaka akakaa chini. Mzee naye hana pa kwenda. Jana alikaa ndani mchana kutwa kwa sababu mimi nilikuwa naanika mtama mlangoni.

Jumapili, 8 Desemba

Leo baada ya sala Maige aliniambia nivae vizuri, ninaitwa ng'ambo. Nikasema ng'ambo wapi? Akaonyesha mlango wa baba yake.

Mayu Limi alikuwa amesimama nje. Chini, mbele ya kizingiti, pamewekwa jembe jipya na mbuzi jike amefungwa kamba. Ndivyo mji huu unavyomfungulia mkamwana mwiko wa kusema na baba mkwe, na huwa baada ya miaka mingi, wengine hawafunguliwi mpaka wanazeeka. Nikapiga magoti, macho chini. Nikaona miguu yake inatoka ndani, inasimama.

"Mama Anisia," akasema.

Si mbwa. Si mbuzi. Mimi.

"Ndiyo, Baba," nikasema, na sauti yangu ikatoka ndogo kama si ya mtu anayesemwa kwamba ana mdomo. "Shikamoo."

"Marahaba." Akakohoa. "Ule wimbo uliniuma."

"Ndiyo, Baba."

"Siku ile uwanjani pia iliniuma. Nilitamani ardhi inimeze. Halafu nikajua niko wapi." Akasogeza jembe kwa mguu likanikaribia. "Cornel ananiambia kila siku kwamba nimesema vizuri. Cornel atanizika na makofi. Jumamosi ijayo Makoye anaoza binti yake, nimeombwa neno la wazee. Nimeliandaa, naona kama limekuwa refu."

Nikainua macho. Mayu Limi alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Wewe siku hiyo usikae nyuma ya watu," akasema. "Kaa mbele, nikuone."